Skrubu au bolti? Maana ya kila moja, na ipi ya kuchukua kwa kitanda, mlango, boti na pikipiki

Ukisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi Tabora mjini ukasema "naomba bolti za inchi mbili", muuzaji anayeijua kazi yake hanyanyuki kwanza. Anakuuliza: "Za nati, au za kuzamisha kwenye mbao?" Anauliza kwa sababu wateja wengi huita bolti kila chuma chenye meno, na wengine huita skrubu hata ile inayofunga injini ya pikipiki. Ukijibu ovyo unarudi nyumbani Ipuli na mfuko wa vyuma visivyofaa.

Ukubwa hauwatenganishi hawa wawili, wala umbo la kichwa. Angalia meno yanashika wapi. Skrubu inashika kwa kuuma kitu inachoingia: mbao, bati, plagi ya ukutani. Bolti inapita kwenye tundu lililo huru, inachungulia upande wa pili, inavalishwa nati, na vitu viwili vinabanwa kati ya kichwa na nati hiyo. Kwa hiyo skrubu haiwezi kuwa imara kuliko mbao iliyoishika, hata uinunue ya chuma bora kiasi gani. Bolti inategemea chuma chake yenyewe, nati yake, na washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) iliyo chini yake.

Kamusi zinalo pia neno parafujo, lililotoka kwa Wareno, lenye maana ya skrubu. Huku bara hulisikii sana. Fundi wa Tabora au Kigoma atasema skrubu, na bisibisi yake iko mfukoni.

Pale majina yanapogongana

Njia ya haraka ya kutambua ni kutazama ncha. Ncha kali na mwili unaokonda kuelekea chini, hiyo ni skrubu, huna haja ya kuuliza zaidi. Ncha butu na mwili wa unene mmoja ndiyo inayoleta ubishi.

Chukua zile ndogo zinazofunga kifuniko cha soketi ya umeme ukutani. Ni M3.5 (M ni alama ya meno ya milimita, namba ni unene), ncha butu, meno laini kama ya bolti, lakini kila mtu anaziita skrubu na wako sahihi: hazina nati, zinaingia kwenye tundu lenye meno tayari na zinakazwa kwa kuzungusha kichwa. Sasa chukua zile zinazofunga kifuniko cha klachi cha pikipiki. Nazo hazina nati, nazo zinaingia kwenye tundu lenye meno. Kwa kipimo cha wahandisi hizo pia ni skrubu. Gereji nzima inaziita bolti, kwa kuwa zinafunguliwa kwa spana, na hakuna haja ya kugombana na gereji nzima. Cha kukumbuka ni kwamba meno yanayozishika ni ya alumini, laini kuliko bolti yenyewe, kwa hiyo zikaze kwa adabu ya skrubu. Tutarudi hapo.

Ziko pia pacha mbili zinazowachanganya hata mafundi. Ya kwanza ni bolti yenye kichwa cha mviringo kama uyoga na shingo ya mraba chini yake. Shingo ile inazama kwenye mbao na kuzuia bolti isizunguke, hivyo unakaza nati upande mmoja tu, na upande wa uyoga hakuna pa kushika spana. Ya pili ina kichwa cha pembe sita kama bolti, lakini chini ina ncha kali na meno mapana ya mbao. Hiyo ni skrubu nene inayokazwa kwa spana. Ukiiona haina nati usimrudie muuzaji kumwambia amekudhulumu. Haikuumbwa kuwa nayo.

Na lile komeo la kusukuma, ambalo madukani huitwa tawa bolti, halina jino hata moja. Limepata jina kwa Kiingereza tu, ambako bolti ilikuwa komeo pia.

Kitanda cha mninga: bolti, bila ubishi

Vitanda vya mninga vya Tabora huuzwa mbali. Vinasafiri kwa treni, kwa basi, juu ya lori. Kitanda cha futi 5 kwa 6 hakisafiri kikiwa kimesimama, kinafunguliwa, na mwenye nacho akihama kinafunguliwa tena. Hapo skrubu inashindwa kwa sababu mbili.

Kwanza, kila ukiitoa na kuirudisha inachonga njia mpya kidogo kwenye mbao. Mara ya pili au ya tatu inazunguka tu bila kukaza. Pili, kwenye kiungo cha mguu na ubavu, skrubu inaingia mwisho wa ubao, pale nyuzi zilipokatwa. Meno yanapita katikati ya nyuzi badala ya kuzikata kwa ubavu, na mbao inameguka kama mkate mkavu. Kitanda kinaanza kulia usiku, halafu kinayumba.

Kwa mguu wa milimita 75 kwa 75, kazi inakwenda hivi. Toboa upande wa nje wa mguu shimo la kuficha kichwa cha bolti na washa, kina cha milimita 12, upana wa kutosha soketi ya spana kuingia. Katikati yake pitisha tundu la milimita 9 hadi ndani ya mwisho wa ubavu, liende milimita 75 au zaidi. Kisha, upande wa ndani wa ubavu, milimita 50 kutoka mwisho, toboa tundu la nati ya pipa, ile ya mviringo yenye meno ubavuni. Bolti ya M8 yenye urefu wa milimita 120 inafika sawasawa. Ukikosa nati ya pipa, chonga mfuko mdogo kwa patasi na uweke nati ya kawaida na washa pana. Tundu refu kidogo halidhuru, bolti fupi inadhuru. Ongeza vijiti viwili vya mbao vya milimita 10, kimoja juu ya bolti na kimoja chini. Bolti inabana, vijiti vinazuia ubavu usizunguke. Fundi anayeweka bolti peke yake bila vijiti amefanya nusu ya kazi.

Kosa linaloonekana zaidi ni kuacha washa. Bila washa, kichwa cha bolti kinazama kwenye mbao kila unapokaza, unadhani inashika kumbe inajichimbia. Na mbao iliyonunuliwa mbichi wakati wa masika itasinyaa ikifika kiangazi cha Tabora, mbano unapotea ingawa hakuna aliyegusa nati. Mwambie mteja akaze tena baada ya miezi mitatu. Skrubu haina nafasi hiyo ya pili: mbao ikisinyaa, ulichonacho ndicho hicho.

Chaga na vibao vya chini vya kitanda hicho hicho ni kazi ya skrubu. Havifunguliwi mara kwa mara, mzigo unavisukuma chini, haviwezi kuchomoka.

Mlango: skrubu kwenye bawaba, bolti kwenye tumbuu

Bawaba za mlango wa mbao ngumu zinataka skrubu namba 10 za inchi 2, na bawaba tatu badala ya mbili. Kabati dogo linatosheka na namba 8 za inchi moja na nusu, ikiwa ubao wenyewe ni mnene wa kuzipokea. Namba hiyo ni ya unene: namba 8 ni kama milimita 4.2, namba 10 kama 4.8.

Mninga na mkora havikubali skrubu kwa nguvu za mkono bila tundu la kuanzia. Toboa milimita 3 kwa namba 8, milimita 3.5 kwa namba 10. Kwa mbao laini kama msindano punguza nusu milimita. Ukiruka hatua hii, moja kati ya matatu litakupata: ubao unapasuka, msalaba wa kichwa unalika na bisibisi inateleza, au skrubu inakatikia ndani na kukuachia kisiki. Skrubu za shaba, zile za rangi ya dhahabu, hukatika upesi kuliko zote. Dawa yake ni kuingiza kwanza skrubu ya chuma ya kipimo kile kile, kuitoa, halafu kuzamisha ya shaba kwenye njia iliyokwisha kuchongwa. Na uzipake nta ya nyuki kwenye meno. Mkoa wa Tabora hauna njaa ya nta. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinahudumia karakana muda mrefu. Wengi wanatumia sabuni, nayo inalainisha kweli, ila inavuta unyevu na kuleta kutu.

Unapounga ubao kwa ubao, theluthi mbili za skrubu ziwe kwenye ubao wa chini. Ubao wa juu wa milimita 20 unataka skrubu ya milimita 60 hivi. Na tundu la ubao wa juu liwe huru kabisa, milimita 4.5 kwa namba 8, ili meno yasiushike. Wasiojua hili hukaza mpaka jasho liwatoke na bado kuna mwanya kati ya mbao mbili. Meno yameshika ubao wa juu na wa chini kwa pamoja, na yanautunza mwanya huo.

Sasa tumbuu, kile chuma cha kufuli. Milango mingi ya maduka na stoo ina kufuli zuri juu ya tumbuu lililofungwa kwa skrubu nne zinazoonekana nje. Mwizi hahangaiki na kufuli. Anakuja na bisibisi, au anaingiza nondo na kung'oa skrubu pamoja na vumbi la mbao. Hapa weka bolti za kichwa cha uyoga, M6 kwa mlango mwembamba, M8 kwa mlango wa mbao nene, uyoga ukiwa nje, washa na nati ndani. Hakuna pa kushika kwa nje, na kung'oa maana yake ni kupasua mlango. Tofauti ya gharama ni ndogo mno kulinganisha na mali ya ndani.

Tundu la bawaba likishapanuka, usizidishe unene wa skrubu haraka. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi, kigonge ndani, kiache kikauke mpaka kesho, toboa upya. Njiti za kiberiti zinafaa kwa mlango wa kabati, kwa mlango wa nyumba hapana.

Boti: hapa kutu nayo inachagua

Kibirizi na Ujiji, mjini Kigoma, boti za mbao hujengwa na kurekebishwa ufukweni. Misumari ina sehemu yake kubwa kwenye kazi hiyo, lakini tukibaki na hawa wawili: ubao unapokutana na taruma skrubu inaweza kutosha, kila kinachobeba injini ni bolti. (Taruma, kwa wasomaji wa mbali, ni ubavu wa chombo na pia ni kile kinacholalia reli. Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapo mwaka 1914, mataruma ya aina zote mbili yanaonekana kwa siku moja.)

Injini ya nje huja na skrubu mbili za mikono za kubana ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti. Hizo ni za kuishikilia wakati wa kupachika, na kwa injini ndogo sana. Mtetemo wa saa kadhaa za safari huzilegeza, na ubao ukilowa na kulainika zinazama. Bano la injini lina matundu ya bolti. Yatumie yote, kwa bolti nene kadiri tundu linavyokubali, na ndani ya tezi weka bamba la chuma au washa pana badala ya washa ndogo za kawaida. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, au weka nati mbili juu ya kila bolti.

Kwenye mbao za majini tundu halipanuliwi. Bolti ya M10 inapewa tundu la milimita 10 kamili, iingie kwa kugongwa taratibu. Chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba uliolowekwa rangi ya mafuta, kama unavyofanya kalafati (kuziba mianya ya mbao za chombo), ndipo ukaze. Maji yakipata njia kando ya bolti huozesha mbao kutoka ndani, na utaliona jambo hilo siku bolti inapozunguka na mbao nzima inayoizunguka.

Tanganyika ni ziwa la maji baridi, kwa hiyo bolti na skrubu zilizochovywa zinki, zile zenye ngozi nene ya kijivu isiyong'aa, zinadumu vizuri. Zile zinazong'aa kama kioo zina zinki nyembamba ya kazi za ndani ya nyumba. Stenlesi ni bora zaidi, lakini bolti ya stenlesi na nati ya stenlesi zikikazwa kavu na kwa kasi hung'atana na kugandana. Hutaikaza wala kuifungua, utaikata. Paka grisi kwanza. Na skrubu iliyokula kutu ndani ya ubao huwezi kuikagua. Bolti unaiona pande zote mbili, unaibadilisha bila kuubomoa ubao. Kwa chombo kinachobeba watu, hiyo peke yake ingetosha kuamua.

Kuna ndugu wa tatu, ribiti, kijiti cha chuma kinachogongwa ncha mpaka kibane, kisicho na meno kabisa. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaja kuungwa Kigoma kwa ribiti na kuingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Ribiti ni kwa kitu usichokusudia kukifungua tena.

Pikipiki: bolti inayotaka kuheshimiwa kama skrubu

Bolti nyingi za vifuniko vya injini ya bodaboda ni M6, kichwa cha spana 10 au 8. Ndani yake ni alumini. Mkazo wake ni kama Nm 10, ambao kwa spana ya urefu wa sentimita 10 ni sawa na kuning'iniza kilo 10 mwishoni mwake. Anayekanyaga au kuongeza bomba kwenye mpini wa spana anang'oa meno, yanatoka na bolti kama waya mwembamba wa fedha. Ishara ni hii: mkazo ulikuwa unaongezeka, ghafla unakuwa laini. Simama hapo hapo.

Dawa ni kuweka kijiviringo cha waya chenye meno mapya, kazi ya fundi mwenye vifaa vyake, au kupanua na kupiga tapu (chuma cha kuchonga meno ndani ya tundu) ya M8 kama ukuta wa alumini unatosha. Kumbuka tundu la kifuniko nalo litapanuliwa. Kujaza gundi ya chuma ni kuahirisha.

Bolti za ekseli na za kiti cha nyuma zina nati, hizo zinavumilia mkono mzito. Ndiyo maana fundi anayefanya kazi za fremu siku nzima huharibu kifuniko cha klachi jioni.

Namba za dukani

Ugomvi mkubwa wa kaunta uko hapa. Mtu anasema "bolti ya 10". Anamaanisha M10, au ile inayofunguliwa na spana 10, ambayo ni M6? "Bolti ya 17" ni mbaya zaidi, kwa sababu spana 17 inafungua M10 ya dukani na pia M12 ya gari la Kijapani. Jedwali linaokoa nauli:

| Bolti | Spana, bolti za dukani | Spana, magari ya Kijapani | Tundu la kupita | Tundu kabla ya tapu |
|---|---|---|---|---|
| M6 | 10 | 10 | 7 | 5 |
| M8 | 13 | 12 | 9 | 6.8 |
| M10 | 17 (nyingine 16) | 14 | 11 | 8.5 |
| M12 | 19 (nyingine 18) | 17 | 13.5 | 10.2 |

Vipimo vyote ni milimita, na tundu la tapu ni kwa meno ya kawaida. M10 ya gari la Kijapani mara nyingi ina hatua ya meno (umbali wa jino hadi jino) ya 1.25, wakati ya dukani ni 1.5. Zinafanana kwa macho. Nati ikigoma baada ya mizunguko miwili, usiongeze nguvu. Linganisha meno kwa kuziweka bolti mbili ubavu kwa ubavu mbele ya mwanga.

Urefu wa bolti ya kawaida unapimwa kutoka chini ya kichwa. Urefu wa skrubu ya kichwa cha kuzama unapimwa pamoja na kichwa, kwa kuwa chote kinaingia ndani. Ukichagua bolti, jumlisha unene wa vitu vyote, washa mbili na nati, halafu acha meno mawili au matatu yachungulie nje.

Namba 8.8 juu ya kichwa ni daraja la chuma: 8 ya kwanza ni MPa (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) 800 za kukatika, na .8 inasema inaanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hizo, yaani MPa 640. Bolti 4.6 inatosha kwa kitanda. Kwa ndoano ya trela au springi za gari usishuke chini ya 8.8. Skrubu za mbao kwa kawaida hazina alama hizi, kwa sababu mbao itaachia kabla chuma hakijakatika.

Mashine kuukuu za kusaga na vyuma vya zamani vya Kiingereza vinaweza kuwa na meno ya Whitworth, kipimo kilichopendekezwa mwaka 1841, chenye pembe ya digrii 55 badala ya 60 za M. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa karibu sawa na M8, lakini nati ya M8 itaingia mzunguko mmoja au miwili na kukwama. Kwa mashine kama hizo nenda dukani na bolti pamoja na nati yake mkononi, na ujaribu kila moja unayonunua, papo hapo kwenye kaunta.